Fuata Jalada Kabla ya Kununua Mfumo: Namna ya Kuboresha Utawala wa Chuo Kikuu Kinachokua

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa chuo kishiriki cha University of London na kikifundishia katika jengo la TANU, kilikuwa na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Kwa idadi hiyo, karani mmoja mwenye kumbukumbu nzuri na kabati lenye kufuli anatosha kuwa idara nzima ya utawala, kwa sababu anamjua kila mwanafunzi hadi jina la baba yake na anajua bila kuangalia popote ni nani hajaleta cheti. Leo vyuo vikuu vya umma vinahesabu wanafunzi kwa maelfu, na vile vikubwa kwa makumi ya maelfu, lakini ukiingia katika ofisi zake nyingi utakuta njia ya karatasi ni ileile ya karani yule. Kilichoongezeka ni makarani, makabati na mihuri.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa utawala, wasajili na wakuu wa vitengo vya TEHAMA walioambiwa waifanye taasisi yao iendeshwe kidijitali, mara nyingi wakiwa wamepewa tarehe ya mwisho kabla hawajapewa bajeti. Nimefanya kazi ya utawala katika chuo cha umma kwa muda mrefu, na nimeona mifumo miwili ikinunuliwa na mmoja tu ukitumika. Uliotumika ndio uliokuwa na mwonekano duni zaidi. Ila kabla ya kuununua tulikuwa tumeshajua karatasi zetu zinapita wapi na kwa nini.

Anza kwa miguu

Chagua jambo moja la kawaida ambalo watu wanalilalamikia: ombi la masurufu ya safari (fedha anazotangulizwa mtumishi kabla ya kusafiri), ruhusa ya masomo, au fomu ambayo mwanafunzi anayemaliza huzunguka nayo maktaba, bwenini na uhasibu kuthibitisha kwamba hadaiwi. Kisha lifuate hilo jambo kwa miguu yako mwenyewe, ukiwa na daftari, kuanzia siku linapopokelewa masjala, yaani ofisi inayotunza majalada, hadi siku linapofungwa. Katika kila meza andika saa lilipoingia, saa lilipotoka, na hasa kitu gani mwenye meza alikifanya. Usimtume msaidizi, wala usitosheke na kuitisha kikao cha wakuu wa idara wakueleze utaratibu ulivyo, kwa sababu watakueleza utaratibu ulioandikwa katika kabrasha, na wengi wao hawajui kwamba kabrasha hilo halifuatwi.

Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili, nilifuata ombi la masurufu la mhadhiri aliyekuwa anakwenda Mtwara kukagua wanafunzi walio katika mafunzo kwa vitendo. Jalada lilipita meza 11 kwa siku 17 za kazi. Nilipojumlisha muda ambao watu walikuwa wakilishughulikia hasa, yaani kulisoma, kukokotoa posho, kuangalia kifungu cha bajeti na kuandika, haukufika saa moja. Katika meza nne, dokezo lililoandikwa lilikuwa ni maneno matatu au manne tu, “Kwa hatua zako tafadhali” au “Folio 12 yahusika” (folio ni karatasi iliyopewa namba ndani ya jalada), na katika meza ya saba jalada lililala siku sita kwa sababu mwenye meza alikuwa semina na hakuna aliyekaimishwa.

Kulikuwa na meza moja ambayo sikuielewa kabisa. Nilimuuliza mama wa masjala, ambaye amekaa pale kuliko sisi wote, kwa nini ombi la masurufu linapelekwa kwa Ofisa Ugavi kabla ya kwenda kwa Mhasibu.

“Lazima lipite kwake, mwanangu. Magari yako chini ya ugavi.”

“Lakini mama, magari si yalihamishiwa usafirishaji?”

“Yalihamishwa. Njia haikuhamishwa.”

Alisema hivyo bila kejeli, huku akiandika namba katika rejesta. Ndani ya maneno hayo mna kazi yote ya mwezi wa kwanza wa maboresho. Kwa kila meza uliyoiandika, uliza maswali mawili: ni sheria, kanuni au waraka gani unaoitaka meza hii iwepo, na ni madhara gani yatatokea jalada lisipopita hapo. Meza zinazotokana na mgawanyo wa majukumu katika fedha, kwamba anayeomba si anayeidhinisha na anayeidhinisha si anayelipa, zibaki hata kama zinachelewesha. Meza za heshima, ambazo kazi yake ni mkubwa fulani kujua kinachoendelea, ziondolewe njiani na mwenyewe awe anapelekewa taarifa. Mwalike Mkaguzi Mkuu wa Ndani tangu siku hii ya kwanza, kwa kuwa njia mpya ambayo hakuishiriki ataihoji mwishoni mwa mwaka, na wakuu wako watarudi kwenye muhuri kwa kuogopa hoja ya ukaguzi.

Njia iliyofupishwa ipitishwe na menejimenti na itolewe kwa waraka wa ndani, ianze kutumika kwa karatasi zilezile. Ndiyo, kwa karatasi. Ukiihamishia kompyuta njia yenye meza 11, utapata meza 11 zenye skrini, na safari hii utakuwa umezilipia leseni. Nilipokata meza nne tu katika ombi la masurufu, kabla hatujagusa programu yoyote, siku zilipungua kiasi kwamba baadhi ya wahadhiri walidhani mfumo umeshaanza kazi.

Mtu mmoja, namba moja

Sehemu inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ambayo kila ratiba niliyoiona imeipa wiki mbili, ni kusafisha taarifa. Kiini chake ni majina. Mwanafunzi yuleyule katika cheti cha kidato cha nne ni Mohamedi S. Juma, katika kitambulisho cha taifa cha NIDA ni Mohamed Saidi Juma, benki ni Mohammed Juma Saidi, na karani aliyemsajili chuoni kwa haraka siku ya kwanza alimwandika Muhamed. Binadamu akitazama orodha hizo anajua ni mtu mmoja, lakini mfumo utahesabu wanne, na wa nne ndiye atakayedaiwa ada.

Kwa hiyo jina lisitumike kamwe kuwa kitambulisho. Amua namba moja ya ndani ambayo mtu atapewa mara moja na haitabadilika hata akihama programu, akiahirisha mwaka au akirudi miaka kumi baadaye kusoma shahada ya uzamili, kisha uifungamanishe na namba za nje ambazo tayari anazo. Bodi ya Mikopo inamtambua mwombaji kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, NIDA ina namba yenye tarakimu 20, na mtumishi ana cheki namba, ile inayomtambulisha katika orodha ya mishahara ya Serikali. Zote zihifadhiwe pembeni ya namba yako, wala usimpe mwanafunzi namba mpya kwa sababu tu amehama kitivo. Nimemwona kijana aliyehama kutoka programu moja kwenda nyingine akageuka kuwa watu wawili, mmoja akiwa na matokeo yote bila deni na mwingine akiwa na deni bila matokeo. Jina lake halikuonekana katika orodha ya wahitimu hadi siku mbili kabla ya mahafali, wazazi wake wakiwa wameshakata tiketi ya basi.

Usafishaji huu si kazi ya kitengo cha TEHAMA. Vijana wa TEHAMA wanaweza kukutolea orodha ya rekodi zinazofanana na rekodi zenye mapengo, lakini anayejua kwamba Neema wa mwaka wa pili na Neema wa mwaka wa tatu ni mtu mmoja aliyerudia mwaka ni ofisa wa kitivo. Kila kitivo kipewe orodha yake, kiisahihishe, na mkuu wake atie sahihi kwamba ndiyo orodha sahihi. Sahihi hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu bila hiyo kosa litakalojitokeza mwakani litaitwa kosa la mfumo.

Anayetaka kuona nguvu ya namba moja kwa macho yake aangalie malipo ya Serikali. Kabla ya mwaka 2017, mwanafunzi alilipa ada benki, akabeba karatasi ya benki hadi dirisha la uhasibu, akapanga foleni ili abadilishiwe kuwa stakabadhi, na mhasibu akabaki na kazi ya kulinganisha taarifa za benki na karatasi, nyingine zikiwa zimeandikwa jina la mjomba aliyelipa. Mfumo wa GePG, ambao Serikali hupokelea malipo kielektroniki, ulipokuja, kila deni lilipewa namba yake ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi tunaiita kontroli namba, yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99, na fedha zikawa zinafika zikiwa zimeshajitambulisha ni za nani na za nini. Hata hivyo, nafahamu ofisi ambayo kwa muda mrefu baada ya hapo iliendelea kumtaka mwanafunzi achapishe risiti ya malipo hayo na kuileta dirishani ikagongwe muhuri.

Jua kilichopo kabla ya kuandika mahitaji

Taasisi ya umma nchini Tanzania haijengi mifumo yake kama kisiwa. Sheria ya Serikali Mtandao, Namba 10 ya mwaka 2019, iliigeuza iliyokuwa Wakala wa Serikali Mtandao kuwa Mamlaka, na miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma inapaswa kuwasilishwa huko na kufuata viwango vyake. Wasilisha andiko la mradi mapema, likiwa bado ni andiko. Kulipeleka baada ya kukubaliana na mzabuni ni kujitafutia aibu na kuchelewa.

Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya unachotaka kununua huenda tayari ipo. Mifumo ya Serikali ipo: malipo yanapita MUSE, ununuzi umehamia NeST tangu mwaka 2023 ukitoka TANePS, taarifa za kiutumishi na mishahara ziko HCMIS, tathmini ya utendaji iliyokuwa ikifanywa kwa fomu za OPRAS sasa inafanyika PEPMIS, na majalada yana mfumo wa e-Ofisi. Kinachobaki kuwa chako hasa ni taaluma: udahili, usajili, ratiba, matokeo, mabweni, vyeti, na yale maombi ya ndani ambayo hayana nyumba kwingine. Mzabuni atakuja na kifurushi chenye kila kitu, pamoja na mishahara, na atasema sehemu hiyo ni ya bure. Ikatae, kwa sababu utakuwa na orodha mbili za watumishi na hakuna atakayejua iliyo sahihi.

Siku hizi kila hotuba inasisitiza kwamba mifumo isomane, yaani ibadilishane taarifa. Katika mkataba, maneno hayo yageuzwe kuwa mambo ya kushikika: ni taarifa zipi zinatoka wapi kwenda wapi, kila baada ya muda gani, na zikigongana, ni ofisi ipi yenye haki ya kusahihisha. Andika pia kwamba taarifa ni mali ya chuo na kwamba mkataba ukiisha zitakabidhiwa zikiwa katika muundo unaosomeka na programu nyingine. Nimeona taasisi iliyoshindwa kumwacha mzabuni asiyefaa kwa sababu yeye pekee ndiye aliyeweza kufungua matokeo ya miaka mitano.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ina sauti hapa. Fomu ya uchunguzi wa afya ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haina sababu ya kuonekana na ofisa wa mabweni, kwa hiyo ruhusa za kuona zipangwe kwa kazi anayofanya mtu na wala si kwa ukubwa wa cheo chake.

Muhuri, nywila na semina ya Morogoro

Mfumo ukiwa tayari, matatizo yatakayokukuta ni ya watu, na la kwanza halitakuwa la wadogo. Mkuu wa idara atapewa nywila yake asubuhi, na kufikia mchana itakuwa imeandikwa katika kikaratasi cha njano chini ya kibodi ya katibu muhtasi wake. Kuanzia hapo, kila idhini inayotolewa kwa jina la mkuu inatolewa na katibu muhtasi, na siku ya ukaguzi yeye ndiye atakayeitwa. Usimlaumu mama wa watu. Anafanya alichofanya kwa miaka 20, yaani kuhakikisha kazi ya bosi haikwami. Mwondolee sababu. Mfumo uwe na nafasi ya kukaimisha ambayo mkuu anaifungua kwa kubonyeza mara moja anaposafiri, ikiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Uweze kufunguliwa kwa simu, kwa kuwa wakuu wako huidhinisha mambo wakiwa uwanja wa ndege. Na katibu muhtasi apewe akaunti yake mwenyewe inayomruhusu kuandaa na kupanga bila kuidhinisha.

Wako pia wale ambao heshima yao ofisini ilikuwa katika muhuri. Karani ambaye kila mwanafunzi alimsalimia kwa unyenyekevu, kwa kuwa bila yeye fomu haiendi, ataamka siku moja akute dirisha lake halina mtu. Asipotafutiwa kazi halisi atatafuta sababu za kuonyesha kwamba mfumo haufai, na atazipata, maana kila mfumo unazo. Makarani wa masjala ni hazina ambayo wataalamu hawaioni: wao ndio wanaojua barua ya aina gani inafunguliwa jalada la somo gani, yaani la mada gani, na bila ujuzi huo e-Ofisi inakuwa bohari la nyaraka zisizopatikana. Yule mama niliyemtaja ndiye aliyetusaidia kupanga orodha ya masomo ya majalada, na wataalamu wetu wawili wa kompyuta walikaa pembeni yake wakiandika.

Kuhusu mafunzo, nitasema wazi kwamba semina ya siku tano Morogoro haifundishi mtu mfumo. Watu wanarudi na cheti, begi na picha ya pamoja. Mfundishe mtu mezani kwake, kwa kazi yake ya siku hiyo, dakika 40 kwa siku kwa muda wa wiki moja, kisha teua katika kila idara mtumishi mmoja, mara nyingi kijana asiye na cheo, ambaye wenzake watamwita wakikwama. Anza na wakuu. Siku ambayo Naibu Makamu Mkuu wa Chuo atapokea dokezo lililochapishwa kutoka katika mfumo na kuliandika kwa kalamu, chuo kizima kitarudi kwenye karatasi ndani ya wiki, kwa hiyo mwombe, kwa adabu zote, arudishe kila karatasi atakayoletewa.

Siku ya kuhama

Mambo ya fedha yahamishwe Julai mosi, mwaka wa fedha unapoanza, ili usibebe hesabu nusunusu. Mambo ya usajili yasiguswe wakati wanafunzi wapya wanaripoti. Hamisha utaratibu mmoja, uache utulie, ndipo uhamishe wa pili. Karatasi na mfumo vikitumika pamoja, kipindi hicho kiwe kifupi na chenye tarehe ya mwisho inayojulikana. Wiki nne zinatosha, kwani zikizidi watu watafanya kazi mara mbili na kuuchukia mfumo kwa haki. Tarehe ikifika, masjala iandike katika jalada la karatasi kwamba limefungwa kwenye folio fulani na linaendelea katika mfumo, na isipokee tena folio mpya.

Usijaribu kuskani kila kitu kilichomo makabatini. Majalada yanayofanya kazi yaskaniwe yanapoitwa, na majalada binafsi ya watumishi yaanze na wale wanaokaribia kustaafu, maana mafao yao yanategemea barua ya ajira na ya kuthibitishwa kazini za miaka 30 iliyopita, na ni bora pengo ligundulike mwenyewe akiwa bado ofisini. Anayeskani alinganishe idadi ya kurasa na namba za folio, na folio isiyopatikana iandikwe kwamba haipo. Karatasi zenyewe zisichomwe wala kuuzwa, kwa sababu uteketezaji wa kumbukumbu za umma unaongozwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 na unahitaji kibali.

Umeme utakatika, na mtandao wa kampasi ya mbali utagoma. Kila dirisha liwe na fomu za dharura zenye namba mfululizo na mtu anayewajibika kuziingiza kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Nakala rudufu zikae nje ya jengo la seva, na angalau mara moja katika muhula mtu ajaribu kurejesha taarifa kutoka kwenye nakala hizo, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kufunguliwa huwezi kujua kama ina kitu ndani.

Kupima

Taarifa za miradi hupenda kuhesabu waliofundishwa na kompyuta zilizonunuliwa. Wewe hesabu siku kati ya ombi na jibu, idadi ya maombi yaliyorudishwa kwa kukosewa, na urefu wa foleni saa nne asubuhi. Baada ya miezi sita chukua daftari lilelile na ufuate ombi lilelile tena, hata kama sasa mfumo unakuonyesha kila hatua.

Nilipolifuata la kwetu mara ya pili, ombi la masurufu lilipita meza nne kwa siku tatu. Siku mbili kati ya hizo lilikaa katika meza moja ya uhasibu, ambako skrini ilionyesha tu kwamba linashughulikiwa. Nilikwenda hadi pale. Ofisa alikuwa analichapisha kila ombi, analitoboa matundu mawili, na kulifunga katika jalada la kijani alilolinunua kwa pesa yake, “kwa usalama”. Tuliketi naye mchana ule, nikamwonyesha mahali nakala zinapohifadhiwa na jinsi ya kuzirejesha, naye akaniuliza swali ambalo hakuna mkufunzi aliyekuwa amelijibu: mkaguzi akija na mtandao haupo, amwonyeshe nini? Tuliongeza ripoti ya mwisho wa mwezi inayochapishwa mara moja na kutiwa sahihi. Jalada la kijani bado lipo kabatini kwake, ila folio yake ya mwisho ni ya wiki ile.